Taarifa Binafsi na Kitabu cha Wageni

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, neno "data" lina maana moja ambayo hata mtoto anaijua: bando za intaneti. Data huisha, mtu hununua nyingine. Ndiyo sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inapotajwa kwa jina hilo, wengi hawaoni inavyowahusu. Tanzania, iliyotunga yake mwaka 2022, ilichagua kusema "taarifa binafsi", na naona ilichagua vyema. Taarifa binafsi ni habari yoyote inayomtambulisha mtu au inayowezesha atambulike: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, alama ya kidole, hata mahali alipolala usiku fulani. Si lazima iwe siri, wala si lazima iwe ndani ya kompyuta.

Istilahi hiyo ikieleweka, hofu ya kadi za hoteli inapata mahali pake. Mwaka 2003 zilienea habari, zikihusishwa na polisi wa Pasadena, California, kwamba kadi ya plastiki inayofungua mlango wa chumba hubeba jina la mgeni, anwani yake na namba ya kadi yake ya benki. Baadaye polisi hao walieleza kuwa hoteli kubwa walizoziuliza ziliwahakikishia kuwa sivyo. Kwa kawaida kadi hiyo hubeba msimbo wa mlango na muda wa kuutumia. Taarifa zenyewe hukaa kwenye mfumo wa hoteli, na huko ndiko wezi huzifuata. Mwaka 2018 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza kuwa wadukuzi walikuwa wameingia katika hifadhidata ya wageni wa hoteli zake za Starwood, na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zikabainika kuwa hazikufichwa kwa msimbo wowote.

Lojing'i nyingi za Eastlands hazina kadi wala hifadhidata. Zina ufunguo wa chuma na kitabu kikubwa cha mistari, kimelazwa wazi kwenye kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Mgeni huandika jina, namba ya kitambulisho, simu na anakotoka, kisha hutia sahihi chini ya mgeni aliyemtangulia, ambaye habari zake zote zinasomeka. Anayetaka huzipiga picha kwa simu na kuondoka nazo, na mhudumu asijue. Vitabu vya namna hiyo viko pia kwenye malango ya mitaa na majengo ya ofisi. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wamesajiliwa kama wanachama wa vyama vya siasa bila kuombwa ridhaa. Jina na namba ya kitambulisho, habari za msingi za usajili huo, ndizo tunazoziacha langoni kila siku.

Wako wanaosema sheria ya Kenya ni ya mashirika yenye mitambo. Kifungu cha 4 kinawajibu: kinagusa pia taarifa zinazoshughulikiwa kwa mkono, mradi ziwe sehemu ya kumbukumbu zilizopangwa. Wengine husema usalama unadai rejista, na hilo ni kweli kabisa. Polisi wakimtafuta mhalifu, rejista huwasaidia. Lakini usalama unadai taarifa zitunzwe. Haudai mgeni wa chumba cha pili azisome. Kuna pia wasemao kuwa asiye na kosa hana la kuficha. Mtaa wa Eastleigh una sababu ya kulikataa neno hilo. Aprili 2014, katika msako wa polisi ulioitwa Operesheni Usalama Watch, maelfu walikamatwa na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani, kisha wengi wakaachiliwa bila kushtakiwa. Jina na makazi ya mtu vinaweza kumtia taabuni hata akiwa hana kosa lolote.

Kwa hiyo wenye lojing'i wafunge kitabu. Mgeni apewe fomu yake peke yake, aulizwe yale tu yanayohitajika, fomu iwekwe kwenye droo yenye kufuli na iharibiwe muda wake ukiisha. Nawe mgeni, uliza kwa nini namba yako inatakiwa na nani ataitunza. Ni haki yako kuelezwa. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.