Wafoinike: Walioupa Ulimwengu Herufi, Wakakosa Kitabu

Jina Wafoinike si jina walilojipa wenyewe. Walipewa na Wayunani, na wanazuoni wengi hulihusisha na ile rangi ya zambarau iliyozipa nguo zao sifa. Wao walijitaja kwa miji yao: huyu mtu wa Sidoni, yule mtu wa Tiro, mwingine wa Gebali, mji ambao Wayunani waliuita Byblos. Nchi yao ilikuwa ukanda mwembamba wa pwani, milima ya Lebanoni nyuma yake na Bahari ya Mediterania mbele. Ardhi ya kulima ilikuwa haba, mierezi ilikuwa tele. Basi wakakata miti, wakaunda vyombo, wakaifanya bahari kuwa shamba lao. Hayo husomwa katika kila kitabu cha shule. Lisilosemwa sana ni kwamba karibu yote tunayoyajua juu ya tabia yao tumeyapata kwa wateja wao na kwa adui zao, na hao ni mashahidi wapasao kuhojiwa sana kabla ya kuaminiwa.

Katika Odyssey ya Homer mabaharia wa Kifoinike ni walaghai: waja na mapambo ya kupumbazia, waondoka na mtoto wa mfalme ili wamwuze utumwani. Warumi walipigana na Kartago, mji uliojengwa na watu wa Tiro, vita vitatu kati ya mwaka 264 na 146 K.K.; nao walipotaka kutaja hiana walisema kwa kejeli, “uaminifu wa Kipuniki”, yaani wa Kikartago. Lakini Herodotus, aliyekuwa Myunani pia, aeleza jambo la namna nyingine. Asema kuwa Wakartago walipita Mlango wa Gibraltar wakafika pwani moja ya Afrika, wakashusha bidhaa zao ufuoni, wakarudi chomboni na kufukiza moshi. Wenyeji waliuona moshi, wakaja, wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, wakaenda zao mbali. Wakartago walishuka kutazama: dhahabu ikitosha waliichukua, isipotosha walirudi chomboni wakangoja iongezwe. Hawakuigusa dhahabu mpaka ilipolingana na thamani ya bidhaa, wala wenyeji hawakuzigusa bidhaa kabla dhahabu haijachukuliwa. Hapakuwa na neno lililosemwa, wala kadhi, wala askari. Taifa la wadanganyifu watupu lisingaliweza kuendesha biashara ya jinsi hii hata msimu mmoja.

Hesabu zao waliziandika. Gombo moja la Misri, ambalo sasa limehifadhiwa Moscow, lasimulia safari ya Wenamun, mjumbe wa hekalu la Amoni, aliyefika Gebali karibu na mwaka 1075 K.K. kutafuta mbao za jahazi takatifu la mungu wake. Alitaraji kupewa bila malipo. Mfalme Zekerbaal aliamuru daftari za baba zake ziletwe na kusomwa mbele ya mgeni, nazo zikaonyesha fedha iliyolipwa zamani kwa mbao kama zile. Mjumbe hakuwa na jawabu. Ikabidi apeleke habari kwao, na katika shehena iliyoletwa yalikuwamo magombo 500 ya mafunjo. Wengine huona kuwa kisa hiki kilitungwa. Hata kama ni hivyo, mtungaji alijua wasomaji wake wangesadiki kuwa mfalme wa Gebali huweka daftari.

Herufi zao zilikuwa 22, zote konsonanti. Hawakuzibuni kutoka katika utupu, kwa maana Wasemiti waliowatangulia walikuwa wamekwisha kuzigeuza picha za Kimisri kuwa alama za sauti. Bali wao ndio waliozitengeneza na kuzisafirisha. Kule Misri na Babeli mwandishi alijifunza alama mamia kwa miaka mingi; hizi, mtu wa kawaida aliweza kuzijua kwa muda mfupi. Alefu ni ng’ombe, bethi ni nyumba. Wayunani walizichukua wakaongeza vokali, Warumi wakazipata kwa njia ya Waetruski. Na upande wa mashariki zikapita kwa Waaramu na Wanabati hata zikazaa hati ya Kiarabu. Kwa hiyo mtunzi wa Pate aliyeandika utenzi wake kwa hati ya Kiarabu, na karani wa Tanga aliyeandika barua kwa hati ya Kirumi, walichota maji katika kisima kimoja. Ubishi wetu wa zamani juu ya hati ipi ifaayo Kiswahili ulikuwa ubishi wa ndugu wawili.

Herodotus asimulia tena kuwa Neko, mfalme wa Misri aliyetawala tangu mwaka 610 hadi 595 K.K., aliwatuma Wafoinike waizunguke Afrika kutoka Bahari ya Shamu. Walishuka pwani kila mwaka wakapanda nafaka, wakavuna, wakatweka tena, na katika mwaka wa tatu wakarudi kwa Mlango wa Gibraltar. Walisema kwamba walipokuwa wakiizunguka Afrika walikuwa na jua upande wa kulia. Herodotus akataa kusadiki neno hilo. Nalo ndilo linalowafanya wengi leo kuisadiki safari, maana chombo kielekeacho magharibi kusini mwa Afrika huwa na jua la adhuhuri kaskazini, yaani kuliani. Ikiwa safari ilikuwa kweli, walipita mbele ya pwani yetu, ijapokuwa hapana ushahidi wa vitu uliokubaliwa na wote. Taarifa ya manahodha wenyewe haikusalia.

Maandishi yao ya mawe yapo kwa maelfu, lakini mengi ni ya nadhiri na makaburi. Kartago ilipoangushwa mwaka 146 K.K., Warumi waliwagawia wafalme wadogo wa Afrika maktaba zake, wakabakiza kazi moja, vitabu 28 vya Mago, ambavyo baraza lao liliamuru vitafsiriwe kwa Kilatini. Hata hivyo vimepotea, isipokuwa vipande vilivyonukuliwa na waandishi wa Kirumi. Navyo havikuwa vya bahari. Vilikuwa vya kilimo, na Mago alianza kwa kumshauri anunuaye shamba auze nyumba yake ya mjini.