Vidonge baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

MKAZI wa Karagwe au Kyerwa anayerejea nyumbani baada ya kupunguzwa uzito kwa upasuaji, iwe Dar es Salaam au India, hurudi na tumbo jingine. Kidonge alichokimeza kwa miaka mingi chaweza kushindwa kazi, au kumdhuru.

Wilaya hizo, zilizokuwa moja hadi 2012, zina historia yake na unene. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alikuta wanawake wa jumba la Mfalme Rumanika wa Karagwe wakinyweshwa maziwa hadi baadhi wasiweze kusimama, kwani unene ulikuwa heshima. Leo unene huo hutibiwa.

Katika upasuaji wa aina moja, takriban asilimia 80 ya tumbo huondolewa. Katika nyingine huachwa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mdogo, hivyo chakula na dawa huruka sehemu ya mwanzo ya utumbo huo. Asidi hupungua, na vidonge vinavyoihitaji ili viyeyuke, mfano ketokonazole, havifyonzwi vizuri. Vile vinavyotoa dawa polepole huweza kupita kabla ya kumaliza kazi.

Hatari iliyo karibu zaidi ni diklofenaki, ambayo mtu huinunua bila kuulizwa mengi katika duka la dawa muhimu, pale Kayanga au Nkwenda. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huweza kuleta vidonda vya kuvuja damu kwenye maungio. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo havitegemewi. Bora sindano, kipandikizi au lupu, maana anayepungua uzito hushika mimba kwa urahisi zaidi.

Aidha, Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walikogunduliwa, 1983, na wanaotumia ARV ni wengi. Dolutegravir hunaswa na madini ya chuma na kalsiamu, ambayo aliyepasuliwa huhitaji maisha yote. Imezwe saa mbili kabla ya madini hayo, au saa sita baadaye.

Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, dozi ya zamani huweza kuzidi: sukari ikashuka ghafla, akazimia. Hata rubisi hulevya upesi kuliko zamani.

Mgonjwa aombe barua inayotaja aina ya upasuaji na tarehe yake, aionyeshe Nyakahanga, Isingiro au zahanati ya kijijini, na kwa muuza dawa pia, kabla ya kutoa fedha.