Kibanda cha mbao cha watoto

Kibanda cha mbao cha watoto ni kijumba cha kuchezea kinachojengwa uani au kwenye kiwanja cha shule ya awali, chenye kuta za mbao, mlango, dirisha moja au mawili na paa la bati au nyasi. Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ni kazi ya fundi seremala, tofauti na vibanda vya fito, majani na kanga ambavyo watoto husimamisha wenyewe kwa mchezo wa baba na mama na kuvibomoa kabla ya magharibi. Kwa kuwa hukaa nje mwaka mzima, maisha yake hutegemea kinga dhidi ya mvua, jua na mchwa. Rangi ni sehemu ya kinga hiyo, lakini hutanguliwa na mambo mawili: miguu na paa.

Mazingira

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mji wa Korogwe uko katika bonde la mto Pangani, takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni kali. Handeni iko juu zaidi na ni kavu zaidi, nchi ya miombo na vichuguu. Mbao inayolowa na kukauka kila msimu hutanuka na kusinyaa, ikapasuka, na nyufa hizo ndizo zinazopitisha maji ya msimu unaofuata. Jua nalo huvunja lignini, gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, ndiyo maana mbao tupu hugeuka kijivu. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi; mbao inayokauka upesi baada ya mvua haiozi kirahisi.

Mbao

Mbao nyingi za bei nafuu ni za msonobari, unaopandwa katika shamba la miti la Shume wilayani Lushoto. Msonobari hupigika msumari vizuri na hunywa rangi, lakini mchwa huupenda kuliko karibu kila mbao nyingine sokoni. Msaji, unaopandwa Longuza wilayani Muheza, pamoja na mvule na mninga, hustahimili mchwa kwa miaka mingi. Bei yake huwazuia wengi kuitumia kwa kijumba cha mchezo. Mafuta ya asili ya msaji hufanya rangi isishike, hivyo hufutwa kwanza kwa kitambaa chenye tina, na mvule huchelewesha rangi ya mafuta kukauka. Mkumbara, wilayani Korogwe, ilijulikana kwa kiwanda cha Tembo Chipboards, lakini ubao wa chenga za mti hufaa ndani ya nyumba tu. Ukinyeshewa huvimba na kumomonyoka, hata ukipakwa rangi mara tatu.

Miguu na paa

Nguzo za kibanda huwekwa juu ya vipande vya zege au mawe bapa, sakafu ikiinuliwa sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Nafasi hiyo hupitisha hewa, na muhimu zaidi, humlazimisha mchwa kujenga njia yake ya udongo mahali panapoonekana. Njia ikionekana hukwanguliwa siku hiyohiyo. Nguzo iliyofukiwa moja kwa moja kwenye udongo wa Handeni huliwa kutoka chini huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Paa hutokeza nje ya ukuta sentimita 30 hivi ili matone yasirukie mbao za chini. Bati hudumu lakini hutia joto. Nyasi hupoza, ila huhitaji kuezekwa upya.

Upakaji rangi

Wakati bora ni Juni hadi Septemba, mbao zikiwa zimekauka baada ya masika. Mbao husuguliwa kwa msasa kufuata nyuzi zake. Zamani mafundi walitumia majani makavu ya msasa, mti wa jamii ya mkuyu, na kwa kazi ndogo yanafaa hata leo. Vumbi hufutwa, matundu ya misumari huzibwa kwa pati, kisha hufuata prayma na mikono miwili ya rangi. Kazi hufanywa asubuhi au kivulini, kwani rangi iliyopakwa kwenye ubao uliochemka kwa jua la adhuhuri hutoa malengelenge.

Kosa linaloharibu vibanda vingi ni kusahau ncha za mbao. Ncha iliyokatwa hunywa maji mara nyingi zaidi kuliko uso wa ubao, hivyo hupakwa prayma mara mbili kabla ya ubao kupigiliwa, pamoja na upande wa chini wa sakafu. Rangi ya mafuta hung'aa na kusafishika kwa urahisi. Rangi ya maji ya akriliki hunyumbuka zaidi mbao inapotanuka, na harufu yake ni kidogo. Vanishi isiyo na rangi hupendeza siku za mwanzo, lakini huruhusu jua kuufikia ubao na kubanduka mapema.

Lita moja hutosha takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kibanda chenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.2 na kuta za mita 1.5 kina kama mita za mraba 16 za ukuta, ndani na nje, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 hutosha mikono miwili.

Vitu vya kuepukwa

Mtoto hushika ukuta, kisha hutia kidole mdomoni. Kwa sababu hiyo kinga inayofaa zizi la mbuzi huenda isifae kibanda chake. Oili chafu ya magari, inayopakwa sana kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, ina metali na kemikali zinazopenya ngozini. Vipande vya nguzo za umeme vilivyotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki havifai pia. Marekani iliacha kutumia dawa hiyo kwa mbao za makazi na za michezo ya watoto mwishoni mwa mwaka 2003. Hatari kubwa kuliko zote ni madini ya risasi katika rangi, hasa ya njano, nyekundu na kijani zinazopendwa na watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, na kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Kopo lisilo na maelezo ya viambato halistahili kununuliwa kwa kazi hii. Rangi kuukuu isiyojulikana haisuguliwi ikiwa kavu. Hulowanishwa kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto hukaa mbali.

Mafuta ya sifa, yanayopakwa vyombo vya baharini kule Pangani, hulinda mbao vizuri, lakini harufu yake ni kali mno kwa kijumba cha kuchezea.

Matunzo

Kibanda hukaguliwa kabla ya masika na kabla ya vuli: ncha za mbao, maungio, misumari iliyochomoza na njia za mchwa. Palipobanduka husuguliwa na kupakwa papo hapo. Kuta zote hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na upande unaopigwa na jua la mchana mapema zaidi.

Hali ya sasa

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipofanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, viwanja vya michezo vya watoto wadogo vimepata umuhimu zaidi. Vibanda vya mbao bado ni vichache kuliko bembea na matairi yaliyofukiwa nusu ardhini.