Amil Shivji

Amil Shivji (alizaliwa 1990) ni mwandishi wa miswada na mwongozaji wa filamu wa Tanzania, mwanzilishi wa kampuni ya Kijiweni Productions. Ni mtoto wa Issa Shivji, aliyekuwa profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Filamu alizisomea Chuo Kikuu cha York, Toronto.

Alianza na filamu fupi, zikiwemo *Shoeshine* (2013), inayomhusu mpiga kiwi wa mjini, na *Samaki Mchangani* (2014). Filamu yake ndefu ya kwanza, *T-Junction*, ilifungua tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, mwaka 2017. Humo Fatima, binti aliyefiwa na baba, anakutana hospitalini na Maria, naye Maria anamsimulia habari za watu wa njia panda. Kisa kinabebwa na mazungumzo, na hapo ndipo kalamu ya Shivji inapojidhihirisha: wahusika wake wanaongea kama watu wa Dar es Salaam wanavyoongea.

Kazi iliyompa jina ni *Vuta N'Kuvute* (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Muswada aliuandika pamoja na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini, aliyeshiriki pia kuandika *Rafiki* ya Wanuri Kahiu wa Kenya. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi, anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, anapokewa na Mwajuma, kisha anampenda Denge, mpigania uhuru anayewindwa na askari wa Mwingereza. Riwaya inamfuata Yasmin hata baada ya Denge. Filamu inashikilia zaidi pendo la hao wawili. Upunguzaji huo ulihitaji ujasiri, na umefaulu. Gudrun Columbus Mwanyika ndiye Denge, Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin, na mwimbaji Siti Amina ndiye Mwajuma.

Filamu hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021. Baadaye Tanzania iliiwasilisha kuwania Oscar, kama ilivyofanya kwa *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill miaka mingi kabla.

Riwaya yenyewe imesomwa sana katika kidato cha 5 na 6. Kwa hiyo wanaosomea ualimu Mpuguso, wilayani Rungwe, watakaofundisha fasihi kesho, waitazame filamu hii wakiwa na kitabu mkononi, na wanafunzi wao nao waioneshwe.