Funga (muunganisho wa hifadhidata)

funga kt [ele] (kompyuta) katisha muunganisho kati ya programu na hifadhidata, na kuachilia kumbukumbu, kufuli na nafasi zilizoshikwa. Mnyambuliko: fungia, fungika, fungisha, fungwa.

Kisarufi, fungua ni kauli ya kutendua ya funga. Katika kompyuta mfuatano hugeuka, kwani muunganisho sharti ufunguliwe kwanza. Maana hii hulinganishwa na ile ya wahasibu, funga hesabu, lakini ulinganisho huo hupotosha. Afungaye hesabu amekwisha kuandika kila kitu. Afungaye muunganisho huenda hajaandika chochote cha kudumu.

Chukua mfano wa karani wa ghala la mahindi Mfaranyaki, Songea, aliyeingiza uzito wa magunia 40 katika programu ya Python itumiayo SQLite. Programu ikifunga muunganisho kabla ya kuthibitisha muamala, maingizo yote 40 hufutika, na mkulima hubaki bila rekodi ya kudai malipo yake. Isipothibitisha wala kufunga, kufuli la uandishi hubaki limeshikwa: karani wa dirisha la pili husubiri sekunde 5, muda wa kawaida wa moduli ya sqlite3, kisha hupata kosa.

Katika moduli hiyo, muunganisho ukitumiwa ndani ya kifungu cha with, muamala huthibitishwa mwishoni, au hutanguka kosa likitokea. Muunganisho wenyewe haufungwi. Wengi hudhani umefungwa, na si ajabu. Tangu toleo la 3.13, Python hutoa onyo kwa muunganisho ulioachwa wazi. Kwa upande wa PostgreSQL, psycopg2 ina mwenendo uo huo, ilhali Psycopg 3 hufunga. Java, tangu toleo la 7 la mwaka 2011, inaweza kufunga yenyewe, ila hatima ya muamala ambao haujathibitishwa huachiwa mtengenezaji wa kiendeshi.

Pale miunganisho inapowekwa akiba ili itumike tena, funga humaanisha rudisha tu, na neno hili la pili ndilo sahihi zaidi. Seva ya PostgreSQL huruhusu miunganisho 100 isipobadilishwa. Isiyorudishwa huimaliza akiba upesi.

Tanbihi: "Jedwali limefungwa" ina utata, kwani yaweza kumaanisha limetiwa kufuli. Kwa maana hiyo tumia tia kufuli, na funga iachiwe muunganisho.