Mwani na Mama Zetu: Kazi Iliyowakuta Utu Uzimani



Siku hizi bibi harusi akiandaliwa, kwenye kapu lake la singo, liwa na udi hukosi kukuta kipande cha sabuni ya mwani. Tunainusa, tunaisifia kwa kulainisha ngozi, basi. Lakini nyuma ya kipande kile kuna miaka zaidi ya thelathini ya mama na bibi zetu, ambao wengi wao waliingia kwenye kazi hii wakiwa tayari wameshazaa, wameshalea, na baadhi wameshaachika au kufiwa na waume. Historia yao haijasimuliwa vya kutosha, hasa kwa ninyi mnaoingia kwenye ndoa sasa.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, mwanamke hakuwa mtu wa kukaa bure hata kabla ya mwani. Alizika makumbi pwani yakaoza kwa miezi, akayafukua, akayapiga, akasokota kamba. Maji yakipwa alishuka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Kazi ilikuwa nyingi, fedha haba. Kamba ya usumba haikumjengea mtu nyumba. Mwanamke akiachwa alirudi kwa wazazi, na wazazi wakiwa hawapo alirudi kwa kaka, akawa mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Hapo ndipo ndoto zilipowekwa kando: nyumba yangu mwenyewe ya mawe na bati, mtoto wangu asome mpaka amalize, niende Makka kabla sijafa. Hizo ndizo zilikuwa ndoto za mama zetu. Ziliwekwa kando kwa sababu hapakuwa na njia ya kuzifikia.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni. Kwa miongo kadhaa watu waliokota mwani wa mwitu ufukweni, wafanyabiashara wakausafirisha nje, mpaka biashara ile ikafifia katika miaka ya 1970. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeshikilia kwa miaka kwamba mwani unaweza kulimwa kama zao. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na haukupita muda kikafika Pemba. Zilikuja aina mbili ambazo kila mkulima anazijua kwa majina yake: spinosumu na kotonii. Wanunuzi wa nje walitaka kitu cha kugandisha kinachopatikana ndani yake, ambacho huingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingi vya viwandani.

Sasa tazameni kwa nini kazi hii iliwafaa wanawake watu wazima. Haikudai cheti. Haikudai mtaji mkubwa, kwa kuwa wanunuzi wengi walitoa kamba na mbegu kwa sharti kwamba mavuno wauziwe wao. (Sharti hilo ndilo lililokuja kuwabana kwenye bei, tutalifikia.) Kilichohitajika ni kuijua bahari: maji yanapwa saa ngapi, bamvua linaanza lini, wapi pana mchanga na wapi pana mawe. Elimu hiyo mama wa miaka hamsini alikuwa nayo kuliko kijana yeyote aliyemaliza skuli. Alikuwa ameisomea tangu utoto akifuata pweza.

Unapigilia vigingi mchangani, unafunga kamba baina yake, kwenye kamba unaning'iniza vipande vya mbegu kwa vijikamba vyembamba, kimoja kimoja. Bahari inafanya yake. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba mzigo ulioloa maji mpaka nchi kavu, unauanika, unaujaza maguniani. Ukisoma ni rahisi. Ukiinama saa nne ndani ya maji ya magotini, jua kichwani, chumvi machoni, ndipo utakapojua. Tuna mama zetu ambao mgongo haukunyooka tena.

Wanaume nao walianza kwa wingi. Walipoiona bei, wengi walirudi kwenye uvuvi au wakaenda kwenye mahoteli. Wanawake wakabaki, na mpaka leo wao ndio sehemu kubwa kabisa ya wakulima wa mwani visiwani. Kubaki kwao hakukuwa kwa sababu bei iliwaridhisha. Ilikuwa fedha ya kwanza iliyotiwa mkononi mwao wenyewe, ikahesabiwa mbele yao.

Palikuwa na maneno, bila shaka. Mwanamke anashinda baharini nani apike? Akipata fedha si atamdharau mume? Wengine walisema dini haitaki. Hapa tuseme wazi. Sura An-Nisaa, aya ya 32, imewathibitishia wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Bi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Na wako wanaomsahau Bi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume, aliyekuwa akifanya kazi za mikono za ngozi na kutoa sadaka kilichopatikana. Mama zetu walishuka pwani na kanga zao na vitambaa kichwani, wawili watatu pamoja, wakarudi na chao.

Na chao kilionekana. Makuti yaliondoka juu ya nyumba, bati likapanda. Kitanda na kabati viliingia vyumbani. Madaftari na sare za skuli zililipiwa, na wapo waliofika vyuo vikuu kwa mwani wa mama. Mtalaka aliyekuwa mgeni kwa kaka yake alianza kununua matofali, kumi mwezi huu, ishirini mwezi ujao, mpaka ukuta ukasimama.

Lakini bibi harusi, liko jambo ambalo wakati wa nasaha hulisikii sana. Baadhi ya waume, walipoona mke anapata, walirudisha mikono nyuma. Mchele ukawa wa mwani, mafuta ya taa ya mwani, ada ya mwani. Mke akafanya kazi zaidi, na ile ndoto ya nyumba ikarudi kabatini kwa mara ya pili. Kisheria nafaka ni juu ya mume hata kama mke ana mali kumpita. Mke akichangia ni hisani yake na ana thawabu, lakini si deni. Sisi tunaona jambo hili lisemwe mapema, kabla ya nikaha, kwa adabu na mbele ya wazee, kuliko kugombana nalo baada ya miaka kumi.

Bahari nayo ilibadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii, ile yenye bei nzuri, ilianza kufa. Maji yamezidi joto, mwani unapauka, unalainika na kukatika. Spinosumu ilistahamili zaidi lakini bei yake ni ndogo mno, na mnunuzi akiwa mmoja kijiji kizima, nani wa kubishana naye? Wengi waliacha. Hatuwalaumu.

Waliobaki ndio walioanza upya kwa mara nyingine, sasa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 2000, wanawake wa Kidoti, Bweleo, Paje na Pemba walijifunza kukausha mwani kwa usafi, kuusaga, na kuutia kwenye sabuni, mafuta ya kujipaka na hata vyakula. Mtafiti Dk. Flower Msuya amefanya nao kazi kwa miaka mingi, na yeye ni miongoni mwa waliojaribu kupeleka kilimo kwenye maji ya kina yaliyo na ubaridi, mwani ukiwekwa ndani ya nyavu za mrija. Huko hakufikiki kwa kutembea. Kwa hiyo wapo mama waliokulia pwani, waliozaa na kupata wajukuu pwani, ambao walijifunza kuogelea na kupanda boti kwa kazi yao wakiwa utu uzimani.

Ukinunua sabuni kwa ajili ya kapu la mwali, nunua moja kwa moja kwa kikundi cha wanawake ukiweza. Muulize anayekuuzia ameitengenezaje. Atakueleza mafuta ya nazi aliyoyakamua, karafuu au mchaichai aliotia, na siku ngapi imekaa ikikauka. Kisha muulize alianza lini mwani, na alikuwa na watoto wangapi wakati ule.