Leza ya fundi haikimbizani na mwanga

Najua nimepotea kidogo. Sababu ni rafu za mjomba.

Mjomba anafungua duka, na mimi ndiye "mtu wa tarakilishi" katika ukoo, kwa hivyo kila kitu chenye betri huletwa kwangu. Nikaazima kile kidude cha leza cha kupimia umbali, kile kinachotoa nukta nyekundu ukutani halafu kinaandika namba kwenye skrini. Nikaegemeza mgongo wake kwenye ukuta mmoja, nikalenga ukuta wa pili, nikabonyeza, nikasoma kwa sauti kama mwalimu: mita 3.52. Fundi wa mbao, mzee aliyeanza kutumia tepu kabla mimi sijazaliwa, alikitazama kidude kwa shaka lakini akakata. Mbao zilipowekwa, kila moja ilikuwa fupi kwa sentimita 12. Mbao sita. Mjomba hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kosa lilikuwa langu. Kidude kilikuwa kimewekwa kianze kupima kutoka kwenye pua yake, si mgongoni, kwa hivyo urefu wake wenyewe haukuhesabiwa. Lakini kabla hatujaligundua hilo, fundi aliniuliza: "Sasa kijana, hiyo taa inajuaje ukuta uko wapi?" Jamani, nina digrii ya sayansi ya tarakilishi na nilibabaika kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaenda kusoma.

Nilichodhani mwanzoni ni hiki: leza inatuma mwanga, mwanga unagonga ukuta na kurudi, na ndani kuna saa inayohesabu muda. Rahisi. Hebu basi tufanye hesabu. Mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukitaka kutofautisha milimita moja ukutani (yaani milimita mbili za safari, kwenda na kurudi), saa yako itambue muda wa kama sehemu 7 za trilioni ya sekunde. Sasa chukua prosesa ya gigahezi 3. Katika pigo lake moja tu, mwanga umeshakwenda sentimita 10. Rula inayohesabu mapigo hayo ingekuwa na alama moja kila sentimita 5. Kwa rula hiyo mjomba angeuza duka kabla ya kulifungua.

Kumbe watu waliliona tatizo hili zamani sana, na wakaamua kutokimbizana na mwanga.

Mwaka 1849 Mfaransa Hippolyte Fizeau aliweka taa na gurudumu lenye meno 720 huko Suresnes, karibu na Paris, na kioo kule Montmartre, umbali wa mita 8,633. Mwanga ulipita kwenye mwanya kati ya meno mawili, ukaenda hadi kioo, ukarudi. Gurudumu likizunguka polepole, mwanga unaorudi unaukuta mwanya ule ule ungali wazi. Ongeza kasi hadi kama mizunguko 12.6 kwa sekunde, na mwanga unaporudi unakuta jino limeshafika. Giza! Kutokana na giza hilo Fizeau alikokotoa kasi ya mwanga, akakosea kwa asilimia 5 hivi. Kwa gurudumu!

Ujanja uko hapa. Mwanga wenyewe hakuuwekea saa. Aliukatakata kwa mdundo anaoujua, kisha akalinganisha mdundo unaotoka na mdundo unaorudi. Mwanga ni wa kasi mno, lakini mdundo ni wa polepole, na mdundo unapimika. Kila kidude cha leza cha aina hii ninachokieleza hapa ni mjukuu wa gurudumu lile.

Gurudumu lina kikomo chake, maana chuma hakiwezi kuzunguka kwa kasi yoyote utakayo. Mwaka 1875 Mskoti John Kerr aligundua kwamba umeme unaweza kubadili jinsi kitu kama kioo kinavyopitisha mwanga, na baadaye wanasayansi wakaitumia tabia hiyo kutengeneza "mlango" wa kufungua na kufunga mwanga mara mamilioni kwa sekunde bila kitu chochote kuzunguka. Katika miaka ya 1940 Erik Bergstrand, mtaalamu wa upimaji ardhi wa Uswidi, aliutumia mlango wa namna hiyo. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa ile ile ya Fizeau, kasi ya mwanga. Lakini hesabu ni ile ile ukiigeuza: ukijua umbali unapata kasi, na ukijua kasi unapata umbali. Kampuni ya AGA ya huko kwao ikaanza kuuza mashine yake kwa jina la Geodimeter katika miaka ya 1950. Ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa gari, na ilifanya kazi vizuri usiku, kwa sababu jua lilimeza mwanga wake.

(Afrika nayo ina sehemu yake katika hadithi hii. Mwaka 1957 Trevor Wadley wa Afrika Kusini alitoa Tellurometer, iliyotumia hesabu hiyo hiyo lakini kwa mawimbi ya redio badala ya mwanga, ikapima makumi ya kilomita mchana na usiku. Haina lenzi, kwa hivyo leo naipita, lakini Wadley anastahili siku yake.)

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu najua mmoja wenu ataniuliza. Tuseme mwanga unang'aa na kufifia mara milioni 50 kwa sekunde. Kutoka mng'ao mmoja hadi unaofuata ni mita 6 za safari, ambazo ni mita 3 za ukuta. Mng'ao unaorudi umechelewa kwa sehemu fulani ya wimbi ukilinganisha na unaotoka. Kuchelewa huko ndiko mafundi wa elektroniki huita fezi, na si ile fezi ya stima nyumbani. Ukiweza kuligawa wimbi moja katika sehemu 3,000, umefika milimita moja.

Kuna mtego. Ukuta ulio mita 0.52, ulio mita 3.52 na ulio mita 6.52 yote itatoa jibu moja. Dawa yake ni kupima tena kwa mdundo wa polepole zaidi, kama saa ya ukutani: mkono wa dakika hukupa usahihi, mkono wa saa hukuambia ni saa ngapi. Tena kuna ujanja ambao mimi kama mtu wa programu ulinifurahisha sana. Piga ngoma mbili zenye midundo inayokaribiana mno na utasikia mdundo wa tatu, wa polepole, unaopanda na kushuka. Ndani ya kidude mawimbi ya kasi huchanganywa na jirani yao kwa namna hiyo, na mdundo wa tatu unabeba fezi ile ile bila kuipunguza. Sasa hata prosesa ndogo ya bei nafuu inaweza kuisoma na kuandika tarakimu kwenye skrini.

Leza ya kwanza aliiwasha Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960, na kufikia 1962 kulikuwa tayari na leza za kichipu. Mwaka 1968 kampuni ya Wild ya Heerbrugg, Uswisi, ilitoa DI10, iliyotumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Mashine zikaendelea kupungua ukubwa. Lakini zote zilidai kitu kimoja: upande wa pili mtu asimame na prizimu, kioo cha pembe kinachorudisha mwanga pale pale ulikotoka. Hata wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo vya namna hiyo mwezini mwaka 1969, na vingali vinapimwa kwa leza. Ukuta wa duka la mjomba hauna prizimu, na tatizo liliobaki likawa la lenzi.

Ukuta mweupe hutawanya mwanga kila upande. Chukua lenzi ya kupokea yenye upana wa sentimita 3 na ukuta ulio mita 10. Kinachoingia kwenye lenzi ni kama sehemu 2 tu katika kila milioni ya mwanga uliotuma. Na huwezi kuongeza leza utakavyo, kwa sababu kwa ajili ya macho ya watu vidude hivi hubanwa chini ya miliwati 1. Ndiyo maana kuna kichujio kinachoruhusu rangi ile moja tu nyekundu, na kitambuzi kidogo mno, ili mwanga wa jua usipate pa kuingilia.

Sasa udogo huo wa kitambuzi unazaa shida nyingine. Tundu la leza na lenzi ya kupokea hukaa ubavu kwa ubavu. Tuseme kati yao kuna milimita 20, na lenzi inakusanya mwanga milimita 40 nyuma yake. Ukuta ukiwa mita 10, picha ya nukta nyekundu inasogea pembeni kwa milimita 0.08 tu, na kitambuzi kinaiona. Ukuta ukiwa nusu mita, picha inasogea milimita 1.6 na tena inaangukia nyuma zaidi. Imekikosa kitambuzi kabisa. Yaani kidude kinaona ukuta wa mbali na kuwa kipofu kwa ukuta ulio mbele ya pua yake!

Njia moja ni kukisogeza kipokezi kiifuate picha, yaani injini ndogo ndani ya kitu cha mkononi. Njia ya pili ndiyo niliyoipenda. Mwanga unaorudi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hivyo ukuta wa nusu mita unarudisha mara 10,000 zaidi ya ukuta wa mita 50. Karibu kuna mwanga wa kumwaga. Basi katakipande kadogo cha lenzi unakichonga kwa mteremko tofauti, kiukunje mwanga wa karibu kuelekea kwenye kitambuzi. Ukuta wa mbali hupoteza sehemu ndogo tu ya lenzi, ukuta wa karibu hupata makombo, na makombo yanamtosha. Hakuna injini, hakuna programu. Ni kipande cha kioo tu.

Mwaka 1993 Leica, warithi wa Wild, walitoa DISTO, kipima umbali cha leza cha kwanza cha kushikwa mkononi, chenye leza nyekundu inayoonekana na kisichohitaji prizimu. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1983, mita yenyewe ilikuwa imeandikwa upya kuwa ni safari ya mwanga katika sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde. Kwa hiyo sasa umbali ni muda, kisheria kabisa.

Siku hizi kuna simu (iPhone 12 Pro ya mwaka 2020 ni mfano) ambazo kweli huuwekea mwanga saa, kwa kuzisikiliza chembe zake moja moja. Hiyo tutaizungumza siku nyingine.

Nilinunua mbao nyingine sita. Safari hii fundi alitaka tupime wote. Tepu yake ikasema 3.64. Kidude, kikiwa kimewekwa mgongoni, kikasema 3.638. Nikaanza kumweleza habari za fezi, akanikatiza: "Hizo milimita mbili mwachie msumeno." Akakata kwa tepu. Halafu akauliza betri zake ni bei gani.